Siku Tatu za Leontine

"Los Angeles nzima nimeihesabu mimi, kwa miguu yangu hii," Bi Ozella Prudhomme alipenda kuwaambia watu, huku akiivuta sketi juu kidogo ili miguu yenyewe ionekane. Alikuacha ushangae, ushangae hasa, kisha akaongeza mwenyewe: "Naam, mitaa minne. Na ule wa nne nilichoka, nikakaa kwenye ngazi nikamwuliza muuza maziwa nani anaishi wapi. Yule bwana alijua mpaka nani analala na nani, ila hilo fomu haikuliuliza."

Ilikuwa sensa ya mwaka 1970. Ozella alikuwa na miaka ishirini na saba, kiuno chembamba na beji kifuani, na beji hiyo aliithamini kuliko kiuno.

Alikuwa amefika mtaa wa Quillan akiwa msichana wa miaka kumi na mitano, yeye na mama yake, kutoka Opelousas kule Louisiana, na sanduku moja lililofungwa kwa kamba. Mtaa ulikuwa na nyumba arobaini, na nyumba thelathini na tisa zilikuwa za Wazungu; yao tu ndiyo ilikuwa ya watu weusi. Kufika Krismasi ya pili mabango ya kuuza nyumba yalikuwa yamejipanga kwenye majani utadhani makaburi mapya. Bibi Lindqvist wa nyumba ya pili alimletea mama yake Ozella keki ya kumuaga. Akasema wao hawamkimbii mtu, wanawafuata watoto tu, huko waendako shule ni nzuri zaidi. Walihama Jumamosi. Mapazia waliyaacha.

Miaka thelathini baadaye wakaanza kuingia watu wa Meksiko na El Salvador, na jogoo wao, na redio zao, na watoto wao waliochanwa nywele zikalala. Hapo watu weusi wa Ozella, waliokuwa wamezichukua nyumba za Wazungu, nao wakasimamisha mabango. Kina Guillory wakaenda Riverside. Kina Batiste wakaenda Las Vegas, jangwani, ambako hata mjusi hutafuta kivuli. Wengine wakarudi kusini, kule kule ambako wazazi wao walitoka mbio. Kila mmoja alipita kwa Ozella kuaga, na kila mmoja alisema hamkimbii mtu, anawafuata watoto tu. Ozella aliwapikia keki. Maneno yalikuwa yale yale ya Bibi Lindqvist. Wao hawakumkumbuka. Yeye alimkumbuka.

Wasiohama walikufa, na hao Ozella alikuwa nao kwenye kioo cha sebuleni. Makanisani kwao ukienda mazishi unapewa mlangoni karatasi ngumu ya ratiba: mbele picha ya marehemu, chini yake Jua Lilichomoza na tarehe, halafu Jua Lilitua na tarehe, nyuma shukrani za familia. Ozella alizichomeka zote kwenye fremu ya kioo, moja juu ya nyingine, hata ukijitazama unaona pua yako tu katikati ya halaiki ya wafu waliovaa vizuri. Joto likizidi alichomoa mmoja akajipepea. "Njoo, Mzee Thibeaux," alisema. "Ulikuwa na upepo mwingi ulipokuwa hai, sasa toa kidogo."

Leontine Metoyer ndiye aliyebaki naye.

Walijuana kwa hiyo hiyo sensa. Nyumba ya kina Lindqvist ilikuwa imeshauzwa mara mbili, na Januari ya mwaka ule akahamia mwanamke mrefu kutoka Lake Charles, mumewe dereva wa lori, na mtoto mmoja wa kiume. Ozella alibisha hodi na fomu mkononi.

"Jina?"

"Leontine Metoyer."

"Umri?"

"Ishirini na tisa."

Ozella akainua macho. "Dada, mbona sura inasema thelathini na kitu?"

"Fomu yako ina mahali pa sura?"

"Haina."

"Basi sura haijaulizwa. Andika ishirini na tisa, halafu ingia unywe kahawa, sura yako nayo inasema njaa."

Ozella akaandika. Akaingia. Hakutoka mpaka saa kumi jioni, na ndiyo sababu muuza maziwa alihitajika.

Tangu siku ile, kila sensa ilipokuja Leontine alivuka uani na fomu yake, wakaketi jikoni kwa Ozella na kujaza pamoja, Ozella akiwa ndiye karani. Kila miaka kumi Leontine aliongeza miaka saba. "Serikali ina haraka," alisema. "Mimi sina." Wakimaliza walitoka kibarazani na kuwahesabu watu wao wenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa kidole. Mwaka 1970 zilikuwa nyumba thelathini na nane. Thelathini na tatu. Kumi na tisa. Kumi na moja. Mwaka 2010 zilikuwa tano, na Leontine akasahau hata kuulaumu ugumu wa kiti.

Mwanzoni mwa Machi ya 2020 walihesabu mapema, kwa kuwa hapakuwa na kazi ngumu. Zilikuwa mbili.

"Mbili bado ni mtaa," Leontine alisema.

"Na moja je?"

"Moja ni makumbusho. Watakuzungushia kamba, shoga, watu wakate tiketi waje kukutazama unavyokoroga maharage."

"Usije ukanifanyia hivyo."

"Mimi? Niende wapi? Clovis kanitumia tiketi ya Houston mara tatu, nimeipangusia meza."

Clovis ndiye yule mtoto mmoja, sasa mzee wa kitambi chake. Fomu za sensa zilifika katikati ya mwezi. Leontine akasema wasijaze kwanza, wangoje tarehe mosi Aprili, ndiyo siku ya kuhesabiwa, tena ndiyo siku ya wajinga. Hakuna siku inayofaa kuliko hiyo kuiambia serikali umri wake. Akaiweka fomu juu ya jokofu. Alikuwa anakohoa. Alisema ni vumbi.

Alikufa Jumapili, tarehe ishirini na tisa Machi, katika chumba cha hospitali ambacho hakuna mtu wake aliyeruhusiwa kuingia. Muuguzi alimshikia simu sikioni, na Ozella, upande wa huku, akamwambia maharage yameungua. Hayakuwa yameungua. Alitaka tu kumsikia akimsimanga.

Mazishini walikuwa watu kumi, wamesimama mbalimbali kama miti ya barabarani. Chakula baada ya kaburi hakikuwepo. Kwa watu wa Ozella maiti asiyepikiwa wali na kuku na keki tatu ni kama hajazikwa, amewekwa tu. Ratiba alichapisha Clovis, na picha ilikuwa ya Leontine mwenye miaka arobaini na kofia yenye manyoya. Chini, kwa herufi za dhahabu, mwanawe alikuwa ameandika mwaka wake wa kuzaliwa, ule wa kweli. Elfu moja mia tisa thelathini na tano. Ozella alicheka ndani ya barakoa mpaka barakoa ikalowa, na walioona mabega yake wakadhani analia hawakukosea sana.

Aliporudi nyumbani alikuta sufuria kwenye ngazi, imefunikwa kwa kitambaa. Doña Remedios, jirani wa Meksiko wa ng'ambo ya barabara, alikuwa amesimama getini kwake, amekunja mikono kifuani.

"Doña Osela!" alipaza sauti; Doña kwao ni Bibi. "Ule! Usipokula nakuja kukulisha mwenyewe, na hilo gonjwa litanitambua!"

Ozella alikula, peke yake, kwa kijiko cha kupakulia, mchuzi wa kuku wenye pilipili usio wa kwao. Hiyo ndiyo ilikuwa karamu ya Leontine.

Tarehe mosi Aprili alijaza fomu yake. Watu wanaoishi katika nyumba hii: mmoja. Akaitazama namba ile. Halafu akafanya hesabu nyingine, ya vidole, akapata siku tatu. Leontine alikuwa amehesabiwa mara tano katika nyumba ile ile. Ya sita imemkosa kwa siku tatu, na ya saba ni miaka kumi ijayo, wakati ambapo Ozella mwenyewe, kwa jinsi magoti yalivyokuwa yakisema, atakuwa amechomekwa kwenye kioo cha mtu.

Agosti, Jumanne moja ya joto, akaja karani wa sensa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye barakoa ya buluu, begi begani na simu mkononi, maana siku hizi fomu ni simu. Akabisha kwa Leontine. Akabisha tena. Ozella alikuwa kibarazani kwake anamenya njegere.

"Samahani, Bibi," karani akaita kutoka kwenye majani. "Naitwa Graciela. Nyumba hii haijajibu. Unajua anayeishi humu?"

"Ametoka kidogo," akasema Ozella.

Hakukusudia. Kwa miaka hamsini hilo ndilo lilikuwa jibu kwa kila aliyebisha pale akakosa mtu, na mdomo ulishalizoea.

"Atarudi saa ngapi?"

Na hapo palikuwa pa kusema kweli. Ozella akatazama njegere. "Yule? Akienda dukani hupotea mpaka jioni. Anapenda kubishana bei."

"Nitarudi Ijumaa," akasema Graciela, akaandika kitu kwenye simu.

Ozella alikaa siku mbili na usingizi wa mang'amung'amu. Uongo wa Jumanne ulikuwa mbaya, alijua. Uongo wa kitoto. Maiti hawezi kuwa dukani mpaka Ijumaa. Ila yeye alikuwa amewahi kuvaa beji. Alijua kanuni kuliko huyo mwenye simu: fomu haiulizi nani yuko leo, inauliza nani alikuwepo tarehe mosi Aprili. Aliyekufa tarehe mbili anaandikwa. Aliyekufa siku moja kabla ya hiyo mosi haandikwi. Basi hahitaji kumfufua Leontine, hata Mungu asingekubali kelele hiyo tena. Anahitaji kumwongezea siku chache tu. Siku za kukopeshana chumvi, mtu na jirani yake.

Akaitafuta kalenda akahakikisha. Tarehe mbili ilikuwa Alhamisi. Mwongo asiyejua siku ya juma hukamatwa mapema.

Ijumaa joto lilikuwa la kupasua lami. Graciela alipitia kwanza ng'ambo, kwa Doña Remedios. Ozella aliwaona wanaongea getini, mikono inakwenda, Doña Remedios anaonyesha kidole nyumba ya Leontine, halafu anaonyesha mbinguni. "Hapo pameharibika," Ozella akajiambia. Akaingia ndani kunywa maji, akachomoa karatasi ya kujipepea kwenye kioo, ile iliyokuwa karibu na mkono, akatoka na kuketi kama malkia, barakoa ikiwa kidevuni.

Graciela alisimama chini ya ngazi, mbali kidogo kama ilivyoamriwa.

"Bi Ozella. Jirani wa kule ananiambia mwenye nyumba hii amefariki."

"Ni kweli."

"Jumanne uliniambia yuko dukani."

"Nilisema ametoka. Hajatoka?"

Graciela akainamisha kichwa. Juu ya barakoa macho yake yalikuwa mekundu ya uchovu, na ikaonekana kidogo kama yanataka kucheka, kisha yakaghairi. "Pole sana, Bibi."

"Nimepoa."

"Yule mama tarehe haikumbuki. Anasema nikuulize wewe, wewe ndiye mwenye mtaa."

"Mwenye mtaa!" Ozella akajipepea kwa nguvu. "Nilipofika hapa, mwanangu, mwenye mtaa alikuwa Bibi Lindqvist. Kila mtu ameukuta una mwenyewe, na kila mtu ameuacha na mapazia."

"Alifariki lini, Bi Ozella?"

"Tarehe mbili Aprili. Alhamisi."

Kidole cha Graciela kilisimama juu ya simu. "Kwa hiyo tarehe mosi alikuwa hai."

"Kama wewe hapo."

"Una hakika? Samahani kukusumbua. Ni siku moja tu ndiyo inayotenganisha."

"Mimi nimewahi kuvaa beji hiyo yako, naijua kazi yako. Na wewe nani kakufa kwenu? Maana macho hayo si ya kazi."

Graciela aliishusha simu. Redio ya ng'ambo ilikuwa inaimba wimbo wa mtu aliyeachwa. "Mama yangu," akasema. "Mwezi wa tano."

"Aliandikwa?"

"Nilimwandika mwenyewe."

"Bahati yake," akasema Ozella. "Basi nikueleze hiyo tarehe mosi, usije ukasema Bibi amebuni. Alikuja asubuhi, amevaa gauni la nyumbani lenye maua ya njano, na fomu yake mkononi. Akaketi hapo, kwenye kiti hicho. Akasema kiti kigumu. Miaka hamsini anasema kiti kigumu na hajaleta mto. Nikampa maharage mekundu na wali, akasema nimetia chumvi kama ninayemkomoa mtu. Akala sahani mbili."

Mkono wa Ozella ulikuwa unapepea polepole sasa.

"Kikohozi kilikuwa kimekatika. Hakukohoa siku nzima. Tukajaza fomu. Nikamwuliza umri, akasema sitini na nne. Nikamwambia wewe Leontine, ukiendelea hivi mwanao atakupita. Akacheka. Alikuwa na kicheko cha kukera, kirefu, mbwa wa mtaa mzima wanabweka. Mchana tukahesabu nyumba. Tukapata mbili. Akasema mbili bado ni mtaa. Jioni jua likaingia hapa, likamkuta mguuni, akanyoosha miguu yote miwili lile jua limpate vizuri, akasema shoga, leo sina pa kwenda. Basi. Akakaa. Akakaa mpaka giza likaingia, kisha akavuka uani, akanipungia mkono na mlango wake nikausikia. Kesho yake ndiyo akafa. Nyumbani kwake. Nilikuwa nimemshika mkono."

Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyapangusa. Alikuwa ameiona siku ile yote, maua ya gauni na wali uliobaki pembeni ya sahani. Ilikuwa siku nzuri kuliko nyingi walizowahi kuwa nazo za kweli.

Graciela naye alikuwa ameiona. Alijipangusa kwa mgongo wa mkono, akashusha pumzi, akagusa simu. "Leontine Metoyer," akasema taratibu huku akiandika. "Mmoja. Mwanamke. Mmarekani Mweusi."

"Ongeza Lake Charles, kama pana nafasi."

"Nafasi ipo." Akaandika. Akainua kichwa kumshukuru, na macho yake yakabaki pale yalipofika, kwenye mkono wa Ozella, yakaufuata ukienda kulia na kurudi kushoto na ile karatasi.

"Bi Ozella," akasema. "Naomba usimamishe mkono kidogo."

Ozella akausimamisha. Hakujua kwa nini.

Graciela hakupanda ngazi. Aliinama tu mbele, akasoma polepole, kama mtu asiyependa anachokisoma. "Leontine Metoyer. Jua Lilichomoza, Oktoba kumi na moja, elfu moja mia tisa thelathini na tano. Jua Lilitua..."

Ozella akaigeuza karatasi akaitazama. Leontine alikuwa humo, na kofia yake yenye manyoya, anatabasamu utadhani ndiye aliyepanga yote. Chini ya kidevu chake, kwa dhahabu, Machi 29.

"Aa, hii," akasema Ozella. "Hii imekosewa. Kaichapisha mwanawe, Clovis, hana akili ya tarehe yule, tangu mdogo. Hata mwaka wa kuzaliwa si huo. Mama yake kazaliwa hamsini na kitu. Katazame fomu zenu za zamani zote, miaka arobaini, zimeandikwa."

"Zilijazwa na nani, Bibi?"

Ozella akaivuta barakoa kutoka kidevuni, akaipandisha mpaka chini ya macho. Macho yenyewe hayakuwa na pa kujificha.